Shwari, Kutuama na Mdororo: Asili ya Baadhi ya Maneno ya Kusimama kwa Mambo

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomsumbua mtafsiri wa Kiswahili ni doldrums. Hutumiwa kwa biashara isiyokwenda mbele, hutumiwa kwa mtu aliyeingiwa na unyonge wa moyo, na katika vitabu vya jiografia hutumiwa kwa ukanda wa bahari ulio karibu na ikweta ambako pepo hulegea. Mtafsiri azikutapo maana hizo tatu chini ya neno moja hushawishika kutafuta neno moja la Kiswahili litakalozibeba zote. Sisi twaona kwamba neno hilo halipo, na kwamba kulikosa si upungufu wa lugha yetu. Makusudi ya makala hii ni kueleza kwa nini halipo, na ni maneno gani yaliyopo badala yake.

Tuanze na hilo la kigeni, kwa sababu asili yake hufahamiwa kinyume. Wengi hudhani kwamba lilizaliwa baharini, kisha likahamia moyoni mwa mtu. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 neno hili lilikuwa na maana ya uzito wa moyo na uchovu wa akili, na hudhaniwa kuwa limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kitu butu au mtu mzito. Baadaye mabaharia walilitumia kwa merikebu iliyokosa upepo, kana kwamba merikebu nayo imeingiwa na unyonge. Ndipo katikati ya karne hiyo, kwa kazi za wataalamu wa bahari kama Mmarekani Matthew Maury, likawa jina la eneo lenyewe. Kwa hiyo safari yake ilianzia moyoni, ikapitia chomboni, ikaishia kwenye ramani.

Katika pwani yetu safari ilikuwa nyingine kabisa. Watu wa pwani waliishi kwa pepo mbili: kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kuvileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi, inayoanza Aprili na kuvirudisha huko. Neno msimu lenyewe, ambalo leo twalitumia kwa mvua, kwa mazao na hata kwa kandanda, limetoka katika Kiarabu kwa njia hiyo ya pepo na safari, na neno hilohilo la Kiarabu, kwa kupitia Kireno, ndilo lililowapa Waingereza jina lao la pepo hizo. Palipokuwa na upepo palikuwa na biashara. Jahazi lililokosa upepo lilibaki pale pale, maji ya kunywa yakipungua na tende zikiharibika.

Kwa hiyo mtu angetazamia kwamba neno la Kiswahili la bahari isiyo na upepo lingekuwa neno la mashaka. Neno hilo ni shwari, na kila msomaji ajua lilivyogeuka. Afisa akiulizwa habari za wilaya yake hujibu kwamba hali ni shwari, naye hana maana kwamba mambo yamekwama. Ana maana kwamba hakuna fujo, hakuna njaa, hakuna la kumwamsha mkuu wake usiku. Bahari ile ile isiyo na upepo ambayo Mwingereza aliifananisha na moyo mzito, Mswahili ameifanya kuwa habari njema.

Kwa nini? Twadhani jibu limo katika kutazama ni nani aliyelitumia neno hili mara nyingi zaidi. Mwenye jahazi la safari ndefu aliuhitaji upepo, lakini wenye majahazi ya namna hiyo walikuwa wachache. Waliokuwa wengi ni wavuvi wa ngalawa na mitumbwi, na abiria waliovuka kutoka kisiwa hadi kisiwa. Kwao bahari iliyolala ilikuwa riziki na usalama, na mawimbi yalikuwa mauti. Neno lilipopanda nchi kavu lilipanda na maana ya mvuvi, likamwacha nahodha wa masafa pwani. Hii ni rai yetu, na anayeijua historia ya vyombo vya pwani kuliko sisi aweza kuipima.

Nahodha hakuachwa bila neno, lakini. Kati ya kaskazi na kusi kuna kipindi ambacho pepo hazina uamuzi, mara huku mara kule, mara zikatike kabisa. Kipindi hicho huitwa maleleji, au malelezi, na jina lake la pili ni tanga mbili. Maneno haya mawili yameandikwa katika kamusi zetu, wala hatuyaoni katika maandishi ya ofisi wala ya shule. Ni hasara, kwani ni maneno sahihi mno: hayasemi kwamba mambo yameharibika, yasema kwamba upepo mmoja umekwisha na mwingine haujaanza.

Tulitajapo tanga hatuna budi kugusa matanga. Kukaa matanga ni kukaa msibani, na hapa ndipo Kiswahili kilipoyakutanisha mambo mawili, kusimama kwa shughuli na huzuni ya moyo. Wapo wanaoeleza kwamba waombolezaji walikaa na kulala juu ya matanga ya vyombo yaliyotandikwa chini. Hatuwezi kulitolea hukumu la mwisho, ila lina jambo la kuliunga mkono: tanga la mtepe, chombo cha kale cha pwani kilichoshonwa kwa kamba, lilikuwa la kusukwa kama mkeka. Tanga na mkeka, basi, vilikuwa vitu vya jamii moja, na tanga lililoshushwa likatandikwa ni chombo kisichosafiri. Hata hivyo matanga hayawezi kuwa istilahi ya uchumi. Yana mwanzo unaojulikana na mwisho unaojulikana. Watu huondoa matanga, wakarudi mashambani. Uchumi haujui siku ya kuondoa matanga.

Mpaka hapa tumezungumza kama kwamba kila msemaji wa Kiswahili aliona bahari. Lakini lugha hii ilifika bara, na ilifika na maneno yake ya bahari. Mfano mzuri ni upande wa kusini wa nchi yetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye mwaka 1870 alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili cha Unguja, aliwaongoza watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar, wakaenda kukaa Masasi. Hivyo Kiswahili cha Unguja kikapandwa katikati ya Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamwera, mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja kutoka baharini. Misioni ile ilifungua shule nyingi, na mojawapo iliyokuja kujulikana sana ni ya Chidya, ambayo leo ni shule ya sekondari ya serikali. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, mwanafunzi wa Chidya alikuwa amekwisha kufundishwa nanga na tanga, kusi na kaskazi, naye hajapata kuona jahazi.

Mtu huyo alilipokeaje neno shwari? Alilipokea kama neno la utulivu tu, bila bahari ndani yake, na hivyo ndivyo walivyolipokea mamilioni ya wasemaji wa bara. Twaamini kuwa jambo hili lilikamilisha yale yaliyoanzwa na mvuvi. Neno likisafiri mbali na kitu chake hubaki na upande mmoja wa maana, na upande uliobaki ndio unaotumika sasa kutoka Mtwara hadi Kigoma.

Lakini nchi ya Masasi na Newala si mahali pa kupokea maneno tu. Yafundisha pia jambo kuhusu neno la pili katika kichwa cha makala hii, yaani kutuama.

Uwanda wa Makonde ni nchi ya juu isiyo na mito. Mvua hunyesha, na udongo wa mchanga huimeza. Chemchemi ziko chini, katika mabonde yanayouzunguka uwanda, na kwa vizazi vingi wanawake wa Newala na vijiji vya jirani waliteremka magenge kwenda kuteka, wakapanda tena na mitungi kichwani, mwendo wa saa nyingi. Katika miaka ya 1950 lilianzishwa shirika la maji la Makonde lililoyasukuma maji kwa mitambo kutoka bondeni hadi juu, na katika miaka ya 1970 kazi hiyo ilipanuliwa kwa msaada wa Finland. Shida haikwisha, ila ilipungua. Tumeeleza haya ili msomaji aone picha ya mtu anayefika juu na mzigo wake, akautua.

Kutua ndiyo asili ya kutuama. Tendo la tua ni la Kibantu cha kale, na maana yake ya kwanza ni kuweka chini mzigo. Zamani lilikuwa na konsonanti l, ambayo Kiswahili kimeipoteza mwishoni mwa shina, kama ilivyopotea katika kaa na nunua. Lakini haikwenda mbali. Tukikinyambua kitenzi yarudi: kaa hutoa kalia, nunua hutoa nunulia, na tua hutoa tulia. Katika Kichewa, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, l ipo hata leo, na kutula ni kuweka chini mzigo. Walimu wa sarufi wanaotafuta mfano wa kuwavutia wanafunzi hawatapata ulio bora kuliko huu, kwa maana mwanafunzi ajua kutua na ajua kutulia, lakini ni wachache waliopata kuambiwa kwamba ni neno moja.

Basi tazama uzao wa shina hili. Mzigo hutua, ndege hutua, jua hutua. Mahali pa kutua ni kituo. Mtu aliyetua mzigo wa moyo ametulia, na hali yake ni utulivu. Na maji yasiyokwenda yametuama. Kiambishi -am- alichokipata hapa chatoa maana ya kuwa katika mkao fulani. Twakiona katika simama, inama, chutama, gandama na kwama. Kwa hiyo kutuama si kutua kwa mara moja, ni kudumu katika hali ya kutua. Utulivu na maji ya dimbwi vimetoka tumbo moja.

Hapo ndipo mtafsiri anapopaswa kuwa macho. Kusimama kwa kitu, katika Kiswahili, si kuzuri wala si kubaya mpaka tujue ni kitu gani. Mzigo uliotua ni heri. Moyo uliotua ni heri. Maji yaliyotuama ni shari, kwa kuwa maji yaliumbwa yaende. Wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, vikundi vya wananchi vilipokusanyika kusikiliza redio na kujadili malaria na maradhi mengine, madimbwi ya maji yaliyotuama yalikuwa miongoni mwa adui waliotajwa. Na Wamakonde walikuwa wamelisema jambo hilo kwa njia yao kabla ya redio. Katika kisa cha asili yao, ambacho Mjerumani Karl Weule aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 alikiandika katika kitabu chake, mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, nayo ikawa mwanamke, mkewe. Walipokaa bondeni karibu na maji mtoto wao alikufa. Wakahama, na katika bonde la pili mtoto akafa tena. Walipopanda juu penye vichaka vikavu, mtoto akaishi. Watu walioteremka kila siku kuyafuata maji walikataa kulala kando yake. Haikuwa tofauti ndogo kwao, kati ya maji unayoyateka na maji unayokaa nayo.

Sasa tuje kwenye uchumi, maana huko ndiko maneno haya yanakoleta madhara au manufaa. Maandishi mengi ya ofisi hutumia kuzorota kwa kila jambo lisiloenda vema: elimu imezorota, barabara zimezorota, zao limezorota. Msomaji wa taarifa kama hiyo hawezi kujua kama jambo limeanguka, limesimama, au linakwenda polepole, ilhali dawa ya kila moja ni mbali na nyingine.

Tuchukue korosho, zao kubwa la Newala na Masasi. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani zipatazo 145,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zatajwa nyingi: watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao katika miaka ya 1973 hadi 1976, bei ndogo kwa mkulima, na ugonjwa wa ubwiriunga. Haya yote kuyaita kuzorota ni kuyafunika. Mavuno kwanza yaliporomoka. Hilo ni neno la kitu kinachoshuka upesi kutoka juu. Kisha yakadorora, yaani yakabaki chini, dhaifu, bila nguvu ya kuinuka, kwa misimu mingi. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa katika miaka ya 1970 vilisimama, au tuseme vilikwama, kwa kuwa mashine zilikuwapo na korosho hazikuwapo za kutosha. Mikorosho yenyewe haikudumaa: dumaa ni kukosa kukua kwa kilicho kichanga, na miti ile ilikuwa mikubwa. Ilivamiwa na vichaka. Ilipopuliziwa salfa na kupaliliwa katika miaka ya 1990 ilizaa tena, hata msimu wa 2017/18 nchi ikapata zaidi ya tani 300,000. Afisa aliyeandika mwaka 1988 kwamba mikorosho imedumaa angekuwa ameshauri ing'olewe. Aliyeandika kwamba uzalishaji umedorora angekuwa ameacha mlango wazi.

Neno mdororo limeundwa kutokana na dorora kwa njia ambayo lugha yetu imeizoea: m- mwanzoni na -o mwishoni, kama katika mporomoko, mtikisiko, mkwamo na mfumuko. Tangu mfumuko wa bei ulipokubaliwa, kila tatizo jipya la uchumi limekuwa likitafuta nguo ya namna hiyo. Mwaka 2009, mabenki ya Marekani na Ulaya yalipokuwa yameanguka, magazeti na viongozi wetu walisema mtikisiko wa uchumi na mdororo wa uchumi, mara nyingi katika aya moja, kama kwamba ni visawe. Si visawe. Mtikisiko ni pigo la ghafla; mdororo ni hali inayofuata ikiwa pigo halikutibiwa. Tena uchumi wa Tanzania haukurudi nyuma mwaka ule: uliendelea kukua, ila kwa kasi ndogo kuliko mwaka uliotangulia. Kuuita mdororo ulikuwa ukarimu uliopita kiasi. Ulipungua mwendo, na Kiswahili chaweza kusema ulipungua mwendo bila kutafuta nomino.

Yako maneno mengine ambayo tutayapitia upesi. Kudoda ni kwa bidhaa zisizopata mnunuzi, na ni neno la soko. Liachwe sokoni, huko lina nguvu yake. Kuvia ni kwa damu iliyoganda ndani ya nyama baada ya pigo, na kwa kitu kilichoharibika kabla ya kukamilika. Yai viza lina undugu nalo. Waandishi wa fasihi wana haki nalo kuliko watakwimu. Udumavu umekwisha kuchukuliwa na wataalamu wa lishe kwa hali ya mtoto asiyefikia kimo cha umri wake, na twashauri waachiwe peke yao, kwani istilahi yenye kazi ya kuokoa watoto isikodishwe kwa mizania ya fedha.

Imebaki huzuni. Kiingereza kina neno jingine, depression, ambalo kwalo huita maradhi ya moyo, anguko la uchumi, bonde katika ardhi, na hata hali fulani ya hewa. Kiswahili kimevitenga hivi vyote, na twaona kimefanya vema. Kwa maradhi ya moyo waganga wa Tanzania wamechukua sonona, kutoka katika kitenzi kusonona, kuumia ndani kwa ndani bila kupiga kelele. Ni uteuzi mzuri: simanzi na majonzi huwa na sababu ambayo jirani aijua, na ukiwa ni wa aliyeachwa peke yake, bali anayesonona aweza kuwa amekaa katikati ya watu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wazee, nao hawakukiita kimya hicho shwari.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa watafsiri ni hili. Biashara au uzalishaji uliobaki chini kwa muda mrefu, uitwe mdororo. Shughuli iliyozuiwa na kizuizi kinachoweza kuondolewa, uitwe mkwamo. Maji, na mitaji inayolala bila kufanya kazi, hutuama. Moyo husonona. Ukanda wa bahari wa vitabu vya jiografia twaweza kuuita ukanda wa shwari, kwa sharti kwamba mwalimu aeleze kwanza kuwa shwari hapa ni ile ya nahodha, si ile ya mkuu wa wilaya.

Na kwa wakati ule ambao sera moja imekwisha na nyingine haijaanza, ambao watumishi wa serikali waujua vizuri na hawana jina lake, maleleji lipo. Linangoja katika kamusi.